Mpira Mmoja Tu

Brussels, 3 Septemba 2007

Zaituni,

Sikuandikii kwamba mimi ni mzima na wasiwasi ni juu yako, kwa sababu mimi si mzima na wewe uko nyumbani. Naandika kwa kalamu maana daktari amenikataza kutazama kompyuta. Maandishi ni makubwa kama ya darasa la kwanza kwa kuwa jicho la kulia peke yake bado halijazoea kufuata mstari. Ukichoka kusoma, jua mimi nimechoka zaidi kuandika.

Nataka uniambie kilichotokea. Jumamosi ile, siku ya tatu ya mechi, nakumbuka mpaka pale mpira uliponipiga. Nakumbuka gari la wagonjwa likitoka uwanjani Auderghem na kupita chini ya miti. Baada ya hapo ni dawa ya usingizi. Nilipozinduka ilikuwa Jumapili mchana. Nikamwuliza nesi timu yangu iko wapi. Hakunielewa, nikamwonyesha jezi yangu iliyokuwa kwenye mfuko wa plastiki, imeganda damu. Akaleta mwenzake anayejua Kiingereza. Yule akaketi kitandani kwangu kabla ya kusema, nikajua ni jambo baya. Akasema, "Wameondoka. Bwana mmoja alikuja asubuhi, akaacha begi lako hapo mapokezi, akaenda zake."

Zai, tulikwenda ziara tukiwa wachezaji kumi na wanne, meneja na kocha. Hakuna hata mmoja aliyepanda ngazi kuja kuniambia kwaheri. Wewe ni nahodha wangu, na tumecheza pamoja tangu tukiwa tunatumia gongo la kuchonga pale shuleni Temeke. Nilitegemea kama kuna mtu atakayeketi pale kitandani, atakuwa wewe.

Sasa nipo Molenbeek, kwa mama mmoja Mkongo anayefanya usafi hospitalini. Anaitwa Antoinette. Walipotaka kitanda chao baada ya siku tano, alinichukua kwake. Kila baada ya siku mbili ananirudisha kwa daktari. Jicho la kushoto wamelishona na wanasubiri. Wanasubiri nini, hawasemi.

Naomba mambo matatu. Pasipoti yangu anayo meneja, Bwana Zuberi, alizikusanya zote hotelini. Na viza yetu inaisha tarehe 9. Aitume. Pili, aandike kwa hospitali na kwa ubalozi kwamba mimi ni mchezaji wa timu ya taifa ya kriketi na niliumia nikiwa kazini. Tatu, mtafute baba yangu Songea umwambie niko hai. Nampigia, simu inaita, hapokei. Labda namba ya nje inamtisha.

Suala la nani alinisimamisha pale bila helmeti, na kwa nini, tutalizungumza nikirudi. Leo sina nguvu nalo.

Lina Haule

*

Dar es Salaam, 17 Septemba 2007

Mpendwa Lina,

Barua yako nimeipata na nimelia. Pole sana, mwenzangu. Timu nzima inakuombea, Waislamu kwa Wakristo. Tulipotua tulipokelewa kwa matarumbeta, na nilipopewa nafasi ya kusema nilikutaja kwa jina. Kwa kuwa labda hukuambiwa: tulishinda. Mpigaji wao wa mwisho alitoka, wiketi ikaanguka, overi mbili tu, mipira kumi na miwili, baada ya wewe kutolewa uwanjani. Kombe lipo ofisini, na ni lako pia.

Kuhusu kuondoka kwetu, usitufikirie vibaya. Tiketi zilikuwa za Jumapili na hazibadilishwi. Bwana Zuberi alituambia tutangulie, yeye atabaki nawe. Sisi tulipanda ndege tukijua amebaki. Nilipomwona Dar nikadhani amekukabidhi kwa watu wa huko. Pasipoti anasema aliiacha mapokezi pamoja na begi lako. Hebu waulize tena, hospitali kubwa huchanganya vitu.

Kuhusu baba yako, nitafanya mpango.

Jambo moja nakuomba kama dada: kwa sasa usizungumze na waandishi wa habari wala usiandike barua kwa wakubwa. Mambo haya yanahitaji utulivu. Tukiyakoroga, ziara ya mwakani itakufa, na wasichana wanaokuja nyuma yetu hawataiona Ulaya. Wewe tumia dawa, kula vizuri, upone.

Nakupenda sana.

Wako,
Zaituni

*

Brussels, 29 Septemba 2007

Zaituni Shemdoe,

Barua yako ilifika Jumatatu. Nilimwomba Keren, binti wa Mama Antoinette, anisomee ili nipumzishe jicho. Halafu nikamnyang'anya nikaisoma mwenyewe, kwa sababu nilidhani anakosea. Kombe. Matarumbeta. Kula vizuri.

Hospitali nimewauliza tena. Wana kitabu cha kila kinachoachwa pale. Begi moja jeusi, basi.

Jumatano Keren alinipeleka kwenye duka la intaneti huko Chaussée d'Ixelles, karibu na Porte de Namur. Mimi nilikaa nimegeukia ukuta, yeye akatafuta jina langu. Keren amekulia hapa, Kiswahili cha kwetu anakisoma polepole kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Akaanza: "Mchezaji wa kriketi a-to-ro-ka Ulaya." Akalirudia neno lile mara mbili, kisha akaniuliza, "Yaya, kutoroka ni nini?" Yaya kwao ni dada.

Nikamweleza. Nilimweleza maana ya neno linalosemwa juu yangu nchini kwangu, dukani kwa watu, nimeutazama ukuta.

Akaendelea. Meneja Zuberi Mkwizu anasema niliumia kidogo usoni, nikatibiwa, kisha nikatoweka hospitalini wenzangu wakinitafuta. Na nahodha Zaituni Shemdoe amethibitisha, na timu imesikitishwa. Umesikitishwa, Zaituni. Tarehe ya gazeti ni 31 Agosti. Siku kumi na saba kabla hujaniandikia kwamba unalia.

Jana nilikwenda ubalozini. Nilipokewa na afisa, mama wa makamo, akanipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, nakuona na bandeji yako, nami nakuamini. Lakini taarifa ya timu inasema ulitoroka, na imesainiwa na meneja na nahodha. Mmoja wao aandike kuikanusha, nami nitakuwa na cha kushika." Kwa hiyo saini yako ndiyo iliyonifunga hapa. Viza imekwisha. Nikiona polisi wanashuka kwenye kituo cha metro, mimi napanda juu.

Na Baba. Juzi hatimaye alipokea. Nikasema, "Baba, ni Lina." Akakata.

Sasa tuzungumze lile nililosema tutalizungumza nikirudi, maana sijui kama nitarudi. Wapinzani walikuwa wamebaki na mpigaji mmoja wa mwisho, na mimi nilikuwa mbali, mpakani mwa uwanja. Ukanipungia mkono. Nikaja mbio. Ukanionyesha pale, hatua tatu kutoka kwenye gongo lake. Nikakuuliza, "Helmeti iko wapi?" Ukasema iko kwenye basi, na mwamuzi hatatusubiri. Nikasema, "Zai, pale hapasimamwi bila helmeti." Ukaniambia, "Mpira mmoja tu, Lina. Mpira mmoja tu nakuomba." Nikasimama. Ulikuwa nahodha wangu.

Sikuombi pole. Nataka barua. Iandike hivi: Lina Haule hakutoroka, aliachwa hospitalini akiwa hajitambui. Mistari miwili. Usipoiandika, usiniandikie kitu kingine chochote.

Lina

*

Dar es Salaam, 12 Oktoba 2007

Lina,

Umeniandikia kama hakimu, nami nitakujibu kama mtu mwenye damu.

Unadhani mimi ni nani hapa? Nahodha ni mtu wa kurusha sarafu hewani na kupiga picha. Uamuzi ni wa Bwana Zuberi. Taarifa ilikuwa imeshaandikwa tulipotua, akaniwekea mbele, akasema, "Weka saini, au nawe utajieleza kwa nini mchezaji wako aliumia." Unajua ninafanya kazi ofisini kwake. Unajua wadogo zangu watatu wanakula kwa kazi hiyo tangu Baba afariki. Unajua yote haya, umelala kwetu, umekula kwetu. Lakini barua yako haina hata neno moja la kuniuliza nimebanwa vipi.

Nikikanusha kwamba ulitoroka, wataniuliza basi ilikuwaje. Nikisema ulikuwa hujitambui, wataniuliza kwa nini. Nikisema mpira, wataniuliza helmeti. Mistari yako miwili unayoiona myepesi inaishia shingoni kwangu.

Na helmeti usinibebeshe peke yangu. Ulikuwa na mdomo na miguu. Ungesema hapana na ukarudi mpakani, ningefanya nini? Ningekuburuta? Wewe pia ulikitaka kile kikombe. Nilikuona usoni. Sasa kwa kuwa kimekuuma, kilikuwa changu mimi tu.

Tena niseme na hili, maana limenikaa rohoni. Siku moja kabla ya mechi, tulipokwenda kutembea Chaussée d'Ixelles, nani alisimama mbele ya kioo cha duka la viatu akasema, "Zai, mimi hapa ningeweza kuishi"? Nilikusikia. Na wengine walisikia. Bwana Zuberi aliposema hujulikani ulipo, usinilaumu kwa kuwa sikushangaa. Mpaka leo sijui. Una mahali pa kulala, una watu wa kukupeleka huku na huko, una mama wa kukupikia. Wapo wanaolipa watu ili wafike hapo ulipo. Nani ananihakikishia kwamba hiyo barua unayoitaka si ya kupelekea wanasheria wa huko wakupe makaratasi?

Mimi ningekuwa wewe, ningenyamaza nipone.

Zaituni

*

Bruxelles, le 24 octobre 2007

Kwa capitaine Zaituni,

Miye njo Antoinette, ule mama mwenye Lina anakaa kwake. Hautanijua. Miye ni muntu wa Likasi, niko nafanya nettoyage, kusafisha, ku hôpital, ni kule nilimukuta. Lina anakataa kukuandikia. Alisema, "Mama, uache." Miye siwezi kuacha. Keren njo ananisaidia kuandika, na barua yako ya mwisho tulisoma yote.

Donc, unasikia. Ule lundi, Jumatatu yenyewe, niliingia mu chambre ya bagonjwa na balai yangu ya kufagia, nakuta mutoto mumoja amefungwa kichwa yote, iko analia na jicho moja. Akasema mu Swahili, peke yake, kama vile anasali: "Wenzangu wako wapi." Nikaangusha balai. Mu ile étage, ile ghorofa yote, hakuna muntu anasema Swahili, ni miye tu. Kama singekuwa mimi njo nafagia ile siku, alors angemujibu nani?

Banaandika ku gazeti asema alitoroka. Bon. Muntu anatoroka namna gani na pyjama ya hôpital? Viatu yake ilikuwa chini ya kitanda. Niliviona na macho yangu.

Unasema alitamani Bruxelles juu alisema maneno mbele ya vitrine ya viatu. Mais maman, kila muntu anasemaka vile mbele ya vitrine. Miye nasemaka kila samedi, kila Jumamosi. Miaka quinze, kumi na tano, niko hapa, na kila samedi ninasema pia ningeweza kuishi Likasi. Ile haina kutoroka. Ni kinywa tu.

Unasema iko na mahali ya kulala. Ndiyo. Analala na Keren mu kitanda moja, na sonnette ya mulango ikilia anaingia mu choo, anafunga mulango, juu anafikiri ni polisi. Njo ile maisha batu banalipa?

Sasa nikuambie kile Lina anakataza nikuambie. Ile jicho iliingia microbe. Ba docteur banasema kama banaiacha, itakula na ile ingine. Jeudi ya le dix-huit, Alhamisi ilipita, banaitoa. Hakuna tena. Nilikuwa mu couloir, inje ya mulango yake. Wakati alizinduka hakulia. Aliniuliza neno moja tu: kama muntu wa jicho moja banamuachaka afundishe batoto kukimbia. Juu anasema ni ile kazi yake, mwalimu wa michezo ku masomo. 

Wewe unasoma hii barua na macho mbili. Soma tena, basi. Nani anakubana, wewe? Mutoto wa watu ananibebea ndoo ya maji na jicho moja asema asinichokeshe, na wewe unaogopa bwana wa bureau.

Miye sina nguvu ya kukufanya kitu. Lakini nilitaka ujue kuna muntu mumoja ku Bruxelles anajua jina lako, na hafurahi kulijua.

Maman Antoinette Mwadi

*

Songea, 11 Novemba 2007

Kwa binti yangu Lina,

Anuani hii nimepewa na huyo mwenzako, Zaituni. Alifika hapa Ijumaa kwa basi kutoka Dar, bila taarifa. Nilikuwa nyuma ya nyumba. Mama yako alimkaribisha kama mgeni mwingine yeyote. Mimi nilipomwona nilijua uso wake kutoka gazetini, nikakaa.

Hakuzunguka. Alisema, "Mzee, Lina hakutoroka. Tulimwacha." Akaeleza yote, toka pale alipokusimamisha bila kofia ngumu mpaka pale alipoweka saini. Akasema wamekutoa jicho. Mama yako alitoka nje, nikasikia sauti yake uani, na majirani wakaja. Huyo binti alibaki ameketi mbele yangu, mikono kwenye magoti. Nilimwuliza swali moja: "Ulipoandika mwanangu ametoroka, ulijua ana baba?" Akasema alijua.

Mama yako alipika, kwa kuwa ni nyumba yetu na mtu amesafiri siku nzima. Mimi sikula nao. Asubuhi alipoondoka sikumsindikiza.

Sasa hasira yangu kwake nimeimaliza kuiandika, imebaki ile nyingine. Gazeti lile alilileta mwalimu mkuu wa zamani mwenzangu, akaliweka mezani kanisani, mbele ya watu. Niliona haya. Nikaliamini, Lina. Miaka thelathini na mmoja nilifundisha watoto wa watu kwamba wasiamini kitu kwa sababu kimepigwa chapa, nami nikakiamini, tena juu ya mwanangu. Kabla ya hapo simu zako sikuzijua. Baada ya hapo nilizijua. Ile uliyosema "Baba, ni Lina", nilikusikia vizuri. Nikakata.

Sina la kujitetea. Leo Jumapili nilisimama baada ya misa nikaomba dakika mbili, nikawaambia wote waliolisoma lile gazeti kwamba ni uongo, na kwamba mimi baba yako niliushika uongo huo kwa mikono miwili. Mwenye gazeti lake aliinama.

Piga simu. Saa yoyote. Nitapokea.

Baba yako,
Augustino Haule

*

Dar es Salaam, 20 Novemba 2007

Lina,

Ulisema nisiandike ila barua uliyoitaka. Imo ndani ya bahasha hii, nakala yenye mhuri. Nyingine nimepeleka kwenye chama cha kriketi, kwa mhariri wa gazeti, na ubalozini kwa yule mama uliyemtaja. Ni zaidi ya mistari miwili. Nimeanzia kwenye helmeti.

Pasipoti yako nayo imo. Lazima nikuambie ilikotoka. Ilikuwa kwenye droo ya meza ya Zuberi, ndani ya bahasha ya kaki, na funguo za droo ile ninazo mimi, kwa kuwa ndiye ninayepanga mafaili yake. Niliiona wiki ya pili ya Septemba. Nilipokuandikia "waulize tena hospitali", nilikuwa nimeshaishika mkononi na kuirudisha. Alhamisi iliyopita nilimfuata nikamwambia naitoa. Akasema, "Ukiitoa, usirudi." Nikaitoa.

Kuna na jingine ambalo hulijui. Nilikuandikia kwamba tulipanda ndege tukijua Zuberi amebaki nawe. Si kweli. Mlango ulikuwa karibu kufungwa, abiria wote wamekaa, akaingia akipepea pasi yake ya kupandia. Akapita karibu yangu. Nilimwangalia, naye akaniangalia. Nikafunga mkanda. Ningeweza kusimama, ningeweza kupiga kelele, wangenishusha. Saa nane zote mpaka tunatua nilijua uko peke yako. Wale wengine hawakumwona, walikuwa wanaimba.

Barua ya Mama Antoinette niliisoma mara ya kwanza nikaikasirikia. Nilimwambia mama yangu, mwanamke huyu ananitukania nini, hanijui. Mama akaniambia nimsomee. Nilipofika kwenye viatu chini ya kitanda nikashindwa. Kesho yake nikakata tiketi ya Songea.

Chama kimeitisha kamati. Zuberi amesimamishwa mpaka isikilizwe, nami pia. Unahodha nimeurudisha mwenyewe. Sikuandikii haya ili unihurumie. Ulitaka ukweli, nami nataka yote yawe mkononi mwako kabla kamati haijakuuliza.

Zaituni

*

Brussels, 8 Desemba 2007

Zaituni,

Nimeisoma mwenyewe. Sasa jicho hili limezoea, mstari haukimbii tena. Niliisoma nimesimama jikoni, Mama Antoinette akinitazama usoni ili ajue kama aanze kukutukana.

Pale kwenye mkanda nilikaa chini.

Nilikuwa na hasira na wewe kwa helmeti, nikadhani hiyo ndiyo hasira yenyewe. Kumbe helmeti ilikuwa kosa la mchezo. Kila nahodha amewahi kutamani wiketi akasahau mtu. Hata hilo la saini, njaa ninaijua. Lakini ulimwona akipanda. Ulikuwa na mlango wazi mbele yako, ukafunga mkanda, halafu ukaniandikia nile vizuri. Na pasipoti uliishika. Mimi nilikuwa najificha chooni kengele ikilia, na wewe ulikuwa na funguo.

Nilipiga kelele siku hiyo, jambo ambalo sijawahi kulifanya katika nyumba hii. Majirani wa chini waligonga dari kwa fagio. Mama Antoinette akawajibu kwa mguu.

Ubalozi wamenipa barua ya kuambatanisha na pasipoti, na watu wa uhamiaji wa hapa wameridhika kuhusu viza baada ya kuona karatasi za hospitali. Shule yangu wameniandikia kwamba nafasi ipo. Mwalimu mkuu ameongeza kwa mkono wake kwamba kwa kukimbiza watoto hahitaji macho mawili, anahitaji mtu anayefika kwa wakati. Kriketi sijui. Nimejaribu kudaka chungwa alilonitupia Keren. La kwanza lilinipiga kifuani, la saba nikalidaka. Daktari anasema uwezo wa kupima umbali utarudi kidogo kidogo. Jicho la bandia limewekwa wiki iliyopita, rangi wameipatia.

Na Baba tunaongea kila Jumapili. Anapokea kabla haijaita mara ya pili.

Sasa la kamati. Waliniandikia wakitaka maelezo yangu, na nimeyatuma jana, kurasa nne. Nakuambia yaliyomo ili usiyasikie kwa watu. Nimeandika kwamba wewe ndiye uliyenisimamisha pale baada ya mimi kukuuliza helmeti. Nimeandika saini, droo na ndege, kama ulivyoniambia. Sikupunguza.

Halafu wakauliza: baada ya mchezaji kuumia, viongozi walichukua hatua gani. Nilikaa na swali hilo siku mbili. Ningeweza kuandika "hakuna", na baada ya yote haya nani angenilaumu. Lakini nakumbuka. Nilisema naikumbuka siku ile mpaka mpira uliponipiga, kisha gari la wagonjwa, na siyo kweli, nakumbuka na cha katikati. Nakumbuka wengine wote walisimama kama miti. Wewe ulikuja. Ulipiga magoti, ukavua mtandio wako mbele ya uwanja mzima, mbele ya wanaume na kamera zao, ukaukunja na kuukandamiza usoni kwangu, na ukawa unasema jina langu. Daktari wa hapa alinieleza kwamba aliyezuia damu namna ile ndiye aliyenifikisha hospitalini nikiwa hai.

Nimeliandika na hilo. Limo ukurasa wa tatu. Mlinisingizia mimi, na sikutaka mtu mwingine asimame mbele ya kamati juu ya karatasi yenye uongo, hata kama mtu huyo ni wewe.

Usilichukue kuwa msamaha. Nimeutafuta ndani yangu, sijauona bado, na sitajifanya kuwa nao ili barua hii imalizike vizuri.

Ndege yangu inatua Jumamosi ijayo, saa nane mchana. Baba amekwisha panda basi kutoka Songea, anasema anataka kuwahi. Yeye ndiye atakayenipokea.

Wewe usije.

Lina Haule